Chura Chini ya Mbao za Mvule

Kwa heshima na taadhima, napenda kuwatangazia ndugu, jamaa na majirani wote wanaochungulia juu ya ukuta kwamba nyumba yetu imejipatia baraza ya mbao ngumu upande wa nyuma, kazi ya mikono ya mjomba wangu, na kwamba msimamizi mkuu wa zoezi zima nilikuwa mimi. Mama anasema niache kudanganya watu. Nilishika kopo la skrubu.

Hata hivyo, kopo lenyewe lilikuwa zito.

Baraza ile haikuwa ya kupigia picha. Baba anasimamia nyumba ya wageni, na mwenye nyumba hiyo, mama mmoja ambaye sote tunamwita Bosi hata akiwa hayupo, alitaka vyumba vyake vyote vizungushiwe sakafu ya mbao kwa nje. Mjomba, mdogo wake Mama, alikuwa ametoka kuacha kazi kwenye karakana ya vitanda ili ajitegemee, na hakuwa na kitu cha kuonyesha. Basi Baba akampa mtihani: ajenge baraza nyuma ya nyumba yetu, Bosi aje aikanyage, aamue. Ikimpendeza, Mjomba ana kazi ya mwaka mzima. Isipompendeza, arudi kwenye vitanda akapige magoti. Baba aliyasema hayo mezani mbele ya kila mtu, halafu akaomba chumvi.

Vita vya kwanza vilikuwa vya kuchagua mbao. Baba alitaka zile laini, za bei ya chini. Mjomba akamwambia kwamba mbao laini ikikaa nje ni kitafunio cha mchwa, na siku moja ataweka mguu akute mguu umetangulia chini. Akanichukua hadi kwa muuza mbao, rafiki yake wa siku nyingi. Huko alifanya mambo ambayo bwenini kwetu yangempeleka mtu moja kwa moja kwa mwalimu wa ushauri. Alizigonga mbao kwa kidole na kutega sikio. Alinusa ncha. Alifumba jicho moja na kuutazama kila ubao kwa urefu wake kama mtu anayelenga shabaha, na uliopinda akaurudisha bila huruma. Mwishowe alichagua mvule, baada ya kumwapisha rafiki yake kwamba umekauka sawasawa. Njia nzima ya kurudi alinieleza sababu: mbao mbichi, hata uifunge kwa minyororo, itajinyonga, itapasuka na kulia chini ya miguu ya watu.

Kulia. Hapo ndipo shetani aliponigusa bega.

Mimi namiliki chura. Ni wa plastiki, ana betri tumboni na kijicho cha kuhisi mwanga kifuani, na kivuli kikimpita juu yake hukoroma, krrr, kama mlango wenye kutu. Huwekwa madukani ili mwenye duka ajue mteja ameingia. Mimi nilikuwa nikimweka juu ya kabati la bweni, na mwalimu wa zamu aliwahi kupekua vitanda vyote akimtafuta mnyama. Ni chura mwenye historia.

Kazi ikaanza. Mjomba alimwaga kokoto ili maji yasituame, akalaza boriti juu ya vikuta vya zege, kisha akaanza kupanga mbao. Kati ya ubao na ubao alichomeka kijibao chembamba ili kuacha mwanya, kwa sababu mvule ukinyeshewa hutanuka, na maji nayo yanahitaji pa kupitia. Kila skrubu ilitobolewa tundu lake kwanza kwa drili. Bila hivyo ubao hupasuka au skrubu hukatika kichwa. Mimi nilipakaa mafuta kwenye ncha zilizokatwa na kutoa maoni ambayo hakuna aliyeyaomba.

Tulipokaribia mbao za mwisho, Mjomba akaingia ndani kunywa maji. Nikamfunga chura kwa waya kwenye boriti, kifua juu, chini kidogo ya mwanya. Mpango ulikuwa safi: Mjomba apite, chura akorome, Mjomba aruke, tuvunjike mbavu, nimtoe. Lakini wingu likatanda. Bila mwanga chura ni bubu. Mjomba aliporudi aliona mvua inakuja, akafanya kazi kama anayefukuzwa, akamaliza mbao zote na kuziba pande zote za chini kwa mbao za ubavuni. Chura wangu akazikwa akiwa hai.

Kesho yake jua likawaka. Mjomba akapita barazani na kopo la mafuta, anapiga mluzi. Krrr.

Mluzi ukakatika. Akarudi nyuma. Krrr. Akahamia ubao wa jirani. Krrr. Akakaza skrubu, akaongeza nyingine, akapita. Krrr. Jioni baraza ilinyamaza kabisa, asubuhi jua lilipotoka ikaanza upya, na hapo Mjomba akapata jibu lake. Jua linaivuta mbao. Mbao haijakauka, na ugonjwa unaenea kutoka ubao hadi ubao.

Siku ile ya kwanza sikusema kwa sababu, nisamehewe, ilichekesha. Kisha Mjomba akaenda kwa muuza mbao. Alirudi shati limeloa jasho, akamwambia Mama kwamba yule si rafiki yake tena, na akakataa chakula. Kuanzia hapo sikusema kwa sababu haikuchekesha hata kidogo.

Nikawa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nakaa, nainuka, natoka nje, narudi. Nilipitisha waya kwenye mwanya nikimvua chura kama samaki. Waya ukanasa, ukakatika, nikabaki na ncha mkononi. Niliomba betri zife. Betri hizo kwenye redio yangu hazimalizi wimbo mmoja, lakini chini ya baraza ziliamua kuishi milele. Baba akapita na kikombe chake, akasikia, akasema kwa upole uliotisha kuliko kelele, "Shemeji, baraza yako inaongea." Mjomba alikuwa amepiga magoti, sikio juu ya ubao, kama daktari.

Asubuhi ya Bosi kuja nilipata akili. Chura anataka kivuli kinachopita. Kivuli kisichotembea hakimsumbui. Nikachukua msasa, nikaketi juu ya mwanya, nikaanza kusugua kwa bidii ambayo haijawahi kuonekana katika ukoo wetu.

Bosi akaja, akatembea barazani kwa viatu vyake vizito. Kimya. Akauliza matunzo. Mjomba akamweleza: kufagia majani yasizibe mianya, kusugua kwa brashi na maji, na kupaka mafuta upya pale matone ya mvua yatakapoacha kusimama juu ya ubao na kuanza kunywewa. Asipopaka, mvule utageuka kijivu. Bosi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Baba akaanza kutabasamu. Nami nikasugua.

"Bosi," Mjomba akasema, "kuna jambo sharti nikwambie. Mbao hizi hazijakauka. Jua likizipiga zinalia. Nimeshindwa kuziponya, na siwezi kuchukua kazi yako nikijua hivyo. Tafuta fundi mwingine."

Tabasamu la Baba likarudi lilikotoka. Bosi akasema yeye hasikii kitu. Mjomba akapita huku na huku ili amsikilizishe, na mvule ukanyamaza kama darasa likimwona mkuu wa shule. Akasimama. Akanitazama mimi, akatazama jua, akanitazama tena.

"Mpwa wangu, umekaa hapo tangu asubuhi."

"Napiga msasa, Mjomba."

"Ubao mmoja?"

"Huu una sugu."

"Simama."

Nilisema mguu umekufa ganzi. Akasema atausubiri. Nikasimama polepole sana, kama mtu anayemtoroka mtoto aliyelala, na kivuli changu kikateleza juu ya mwanya.

Krrr.

"Kaa," akasema Mjomba. Nikakaa. Kimya. "Simama." Krrr. Bosi akaziba mdomo kwa mkono. Baba akaliita jina langu lote, lile la kwenye cheti. Mjomba aliokota drili akanipa, mpini mbele, nizifungue skrubu.

"Mbao zimekauka, Mjomba," nikasema. "Zilikuwa zimekauka tangu siku ile ya kwanza. Ni chura. Chura ni wangu, nilimfunga mimi, na muuza mbao hana kosa lolote. Kwake nitakwenda mwenyewe."