Tetere wa Madale

Begi la Mama Margareta lilikuwa limeshafungwa. Kesho yake angepanda basi Mbezi Luis, arudi Nachingwea kwenye nyumba aliyoachiwa peke yake tangu mumewe azikwe. Augustine, mwanawe, mchonga vinyago, hakutaka hata kusikia. Aliogopa mama yake ataanguka huko akose wa kumwinua, na hofu hiyo ilimnyima raha.

Asubuhi hiyo, hapo Madale kwa Augustine, tetere akalia juu ya mwarobaini. Augustine akaona amepata pa kushikia.

"Unamsikia, Mama? Tetere wa kwetu huyo. Huku na kwetu ni kulekule."

Mama akacheka mpaka akashika kiuno. "Mtu unachonga ndege, halafu huwajui! Mtazame vizuri."

Augustine akatazama. Kwake tetere ni tetere: rangi ya majivu, utepe mweusi nyuma ya shingo, basi.

"Utepe wote wanao, ni ndugu hao," Mama akasema. "Lakini huyu mnene, mweusimweusi, jicho jekundu kama kapuliza kuni mbichi. Wa kwetu mwembamba, amepauka, jicho jeusi, na akiruka mkia unaonyesha nyeupe pembeni. Halafu sikia maneno yao. Wa kwetu anasema, 'Kalime! Kalime!' Huyu wako kutwa ananiuliza, 'Umekuja lini? Umekuja lini?'"

Augustine naye akacheka, ila Mama hakuwa anacheka tena.

"Na mie nimechoka kuulizwa. Nikishika ufagio, mkeo ananipokonya. Nikiinua ndoo, wewe huyo. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mie nina miezi hapa, Augustine. Nani kanipa jembe?"

Kumbe heshima yote ile ndiyo iliyokuwa inamfukuza mama wa watu. Augustine alijisikia vibaya. Akavaa kandambili, akashuka dukani kununua jembe. Muuzaji akataka kumtilia na mpini, akakataa. Mpini angeuchonga mwenyewe.

Jioni Mama akausimamisha mpini mbele yake, akaupima kwa bega, akaupitisha kiganja kutafuta vibanzi.

"Mrefu huu," akasema. "Punguza. Na yale matofali yako nyuma ya nyumba uyahamishe, hapo napanda kunde."