Kiatu Shingoni mwa Soksi

Binti yangu aliniletea mbwa ndani ya ndoo. Ilikuwa ndoo ya plastiki ya kufulia, na kijibwa chenyewe kimejikunja chini kabisa juu ya kitambaa kuukuu, kinatetemeka kama simu isiyopokelewa. Mwili mzima kahawia, isipokuwa mguu mmoja wa mbele, mweupe mpaka gotini. Mjukuu wangu, mtoto wa kike wa miaka minne, alikuwa ameshampa jina njiani: Soksi.

"Baba, mwenye nyumba wangu hataki mbwa," binti yangu alisema. Hakukaa. Akija kwangu huwa hakai. "Na huyu amelia wiki nzima anamtaka. Kaa naye wewe. Akitulia, akikuzoea, nitakuwa namleta mtoto kila Jumamosi ashinde hapa mimi nikiwa kazini."

"Peke yake?"

"Peke yake."

Kwa miaka yote minne mjukuu wangu hakuwahi kubaki na mimi hata kwa muda wa mama yake kwenda chooni. Sababu naijua, na binti naye anaijua, ila hatujawahi kuitaja. Binti alipokuwa mdogo nilimchapa. Nilimchapa kwa chochote nilichokuwa nimeshika, na fundi viatu mkononi hakosi kiatu. Sisemi nilikuwa peke yangu. Mtaa mzima ulichapa. Lakini wenzangu watoto wao wakija wanavuta kiti wanakaa.

"Mwache hapa," nikasema. "Mimi nimefuga mbwa kabla hujazaliwa."

"Huyu sio wa kulinda, baba. Ni wa kucheza."

"Mbwa ni mbwa."

Mjukuu akaingiza mkono ndooni akamshika Soksi sikio. "Babu, usimfokee. Ana aibu."

Wakati anamchezea nilimpima mtoto mguu kwa kidole gumba na cha shahada bila yeye kujua. Mguu wa mtoto nikiugusa mara moja siusahau.

Nyumba yangu ni vyumba viwili. Cha nyuma nalala, cha mbele nafanyia kazi: meza, chuma cha kugongea, kopo la gundi, rafu tatu za viatu vya wateja, na kwenye kona gunia la mabaki ya ngozi na soli. Mke wangu alipokuwa hai alilalamikia harufu. Mimi harufu hiyo siisikii tena.

Soksi nilimtengenezea sanduku, nikamwekea chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo, maana alikuwa analia kumtafuta mama yake. Nilimlisha mara nne kwa siku, mkate uliolowekwa kwenye maziwa, baadaye na nyama ya kusaga. Nilimpeleka kwa daktari wa mifugo akapewa dawa ya minyoo na chanjo. Viroboto nilimtoa mmoja mmoja, miwani puani, kama ninayefumua mshono. Asikuambie mtu kwamba sikumtunza.

Shida ya kwanza ilikuwa mkojo. Alikojoa chini ya meza, alikojoa kwenye gunia, mara moja alikojoa ndani ya buti la askari. Jirani yangu wa ukuta mmoja ni mwanamke fundi cherehani, mjane, mwenye mdomo. Kwao walifuga mbwa wengi. Aliniona namburuta Soksi nimsugue pua kwenye maji yake, akaja na futi ya kupimia bado iko shingoni.

"Fundi, wewe! Hajui unasema nini. Unamfundisha kukuogopa tu. Kila akimaliza kula, kila akiamka, mtoe nje, mahali palepale. Akikojoa, mpe kipande cha nyama, msifu."

"Nimsifu kwa kukojoa?"

"Mbona wewe ukibandika soli unataka usifiwe? Msifu."

Basi nikamsifu. Mtu mzima na mvi zangu, nimesimama uchochoroni napiga makofi kwa sababu mbwa amekojoa. Muuza magazeti akapita, akasimamisha baiskeli.

"Fundi, mimi pia natoka chooni sasa hivi. Mbona hunipigii makofi?"

"Wewe umechelewa, kaka. Ungefundishwa mdogo."

Baada ya wiki mbili alikuwa anakwenda mlangoni mwenyewe, anakwaruza. Nilikuwa nikikaa kwenye kigoda nagonga misumari, naye analala juu ya miguu yangu. Nasema ukweli, nilianza kuongea naye. Nilimwambia mambo ya wateja, nilimwambia na mambo ya mke wangu. Mbwa ana faida hiyo, hakukumbushi ya zamani.

Kisha meno yakaanza kumuwasha. Akatafuna mguu wa meza, akatafuna ufagio. Hapo ndipo nilipofanya ujinga ambao fundi viatu peke yake angeufanya. Nilifungua lile gunia nikampa kisigino kikuukuu na ulimi wa kiatu uliokatika, atafune apoe. Akapoa kweli. Kila siku nikampa kingine. Alikuwa anakuja na kipande chake mdomoni, mkia unapiga huku na huku, ananiwekea juu ya kigoda kama mteja aliyeleta kazi. Nikawa nacheka.

Wiki hiyo mzee mmoja aliniletea viatu vyake vyeusi vya ngozi nzuri nivibadilishe soli. Alikuwa anamwoza binti yake wa mwisho Jumapili. Nikavimaliza, nikavipiga dawa vikang'aa, nikaviweka rafu ya chini. Rafu ya juu ilikuwa imejaa. Nikatoka kwenda kununua uzi.

Niliporudi, Soksi alinipokea mlangoni na ulimi wa kiatu cha mzee mdomoni. Mkia unapiga huku na huku. Kisigino kilikuwa kimeliwa nusu.

Mzee alikuja alasiri. Alikigeuza kiatu mkononi, akakigeuza tena.

"Wewe ni fundi au mchinjaji?"

"Mzee wangu, nisamehe. Nitakutengenezea kingine..."

"Kingine lini? Harusi kesho kutwa." Wateja wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi, wanasikiliza. "Nimekuja kwako miaka ishirini, na baba yangu alikuja kwa baba yako. Leo unampa mbwa viatu vyangu!"

Alipoondoka, na wale wawili wakachukua viatu vyao ambavyo havijaguswa.

Nilimshika Soksi ngozi ya shingo nikampiga kwa kiatu kilekile. Sikuhesabu. Alipiga kelele zile za juu, nyembamba, mpaka akanyamaza mwenyewe. Kisha nikafanya alichokuwa akifanya baba yangu kwa mbwa aliyeua kuku: alikuwa anamfunga mbwa yule kuku shingoni, mpaka kuku aoze. Mimi nikachukua uzi wa kushonea, nikakifunga kile kiatu shingoni mwa Soksi. Kilikuwa kizito kuliko kichwa chake. Akitembea kinamgonga kifuani, akilala kiko chini ya kidevu.

Fundi cherehani alikuja mbio.

"Mfungue!"

"Akome kwanza."

"Akome nini? Ngozi si unampa mwenyewe? Atajuaje kipi cha gunia na kipi cha mteja?"

Nilijua anasema kweli. Ndiyo maana nikamwambia arudi kwenye cherehani yake. Akarudi, na hakunisemesha mwezi mzima.

Siku tatu kiatu kilikaa shingoni. Kila aliponusa kiatu kingine nilimpiga tena, pigo moja tu, kwa soli. Siku ya nne nilimfungua. Akapita pembeni ya ukuta, tumbo chini, kwenda kwenye sanduku lake. Kuanzia hapo hakugusa kiatu. Nikidondosha kandambili, haji. Nikishusha kiatu rafuni, anaingia chini ya kitanda. Hakulala tena juu ya miguu yangu, na mimi nikajiambia amekua, amepata adabu. Wateja walisema, "Fundi, mbwa wako mtulivu!" Nikavimba kichwa.

Nikampigia binti yangu simu.

"Mbwa ametulia. Mlete mtoto Jumamosi."

"Kweli, baba?"

"Njoo uone mwenyewe. Hapa pana viatu kama mia na hagusi hata kimoja. Ningempeleka shule angenipita, maana mimi nilitoka darasa la tano."

Nikamsikia anacheka. Sikumbuki mara ya mwisho nilipomchekesha yule mwanangu.

Siku nne zilizobaki sikupokea kazi. Nilikuwa na kipande cha ngozi nyekundu nilichokihifadhi tangu mke wangu yuko hai, laini kama shavu. Nilimtengenezea mjukuu viatu: kamba moja, kifungo cha shaba, soli nyembamba asichoke. Nilivishona kwa mkono. Katika maisha yangu sijatengeneza viatu vizuri kuliko vile.

Jumamosi walikuja saa mbili asubuhi. Binti alikuwa amevaa sare zake za kazi, na mkononi ana mfuko wa nguo za mtoto za kubadilisha. Ule mfuko ulinifurahisha kuliko salamu. Akavuta kigoda. Akakaa.

"Yuko wapi Soksi?" mjukuu akauliza.

"Yuko kwenye sanduku lake. Ngoja kwanza, bibie. Babu ana kitu chako."

Nilipiga goti nikamvalisha viatu vyekundu. Vilimkaa kama alizaliwa navyo. Binti yangu akainama, akapitisha kidole kwenye mshono.

"Umeshona mwenyewe, baba?"

"Nani mwingine?"

"Vizuri," akasema. Akasema tena, "Vizuri sana."

Mtoto akaanza kutembea, anapiga miguu chini asikie mlio, ko, ko, ko, akaenda moja kwa moja kwenye sanduku. "Soksi! Ona! Ona viatu!"

Soksi alitoa sauti ambayo sikumsikia akiitoa tangu siku ile. Alijibana kwenye kona ya sanduku, akajikojolea hapohapo. Mtoto akasogea ambembeleze, Soksi akamruka, akagonga meza, kopo la gundi likamwagika, akazama chini ya kitanda cha chumba cha nyuma, bado anapiga kelele. Mjukuu akaanza kulia. "Ananichukia! Mama, Soksi ananichukia!"

Binti yangu hakumkimbilia mbwa wala mtoto. Alinitazama mimi.

"Umemfanya nini?"

"Nimemfundisha. Alikuwa anakula viatu vya watu."

"Umemfundisha na nini?"

Binti yangu aliinama akavua viatu vyake, akaviweka nje ya mlango. Akamketisha mwanawe kwenye kigoda, akafungua kile kifungo cha shaba, akavua na vile vyekundu, akaviweka juu ya meza yangu, taratibu, vimeelekeana. Wakaenda chumba cha nyuma peku, wote wawili. Walikaa sakafuni. Nilimsikia binti anaita kwa sauti ya chini kabisa. Ilichukua muda mrefu. Mimi nilibaki na kitambaa nafuta gundi.

Akatoka amempakata Soksi, pua imezama kwapani mwake.

"Unajua mimi nilikuwa nalala upande gani wa uvungu?" aliniuliza. "Upande wa ukutani. Nilikuwa nikisikia viatu vyako tokea kona, naanza kuingia. Mama alikuwa ananiwekea mto hukohuko."

Hilo la mto sikuwa nalijua. Mke wangu hakuniambia mpaka anakufa.

"Mwenye nyumba wako hataki mbwa," nikasema.

"Nitahama."

"Na kazini leo? Mtoto atakaa na nani?"

"Sitakwenda."

Alichukua ule mfuko wa nguo. Mjukuu akanipungia mkono, maana alishafundishwa kuaga. Fundi cherehani alikuwa mlangoni kwake. Alimtazama mbwa, kisha akanitazama mimi, akaingia ndani.

Binti yangu alihama kweli. Baada ya miezi miwili nilipata mahali anapokaa, nikavifunga vile viatu vyekundu kwenye gazeti, nikaenda. Mlangoni niliona viatu vyote vimepangwa nje, vikubwa na vidogo. Nikavua vyangu nikaviweka mbali na vingine. Nikavua na soksi. Nikaingia peku, napiga hatua kama mwizi.

Soksi alikuwa amekua. Alikuwa anavutana kamba na mtoto katikati ya chumba, mkia unapiga huku na huku. Aliinua kichwa, akanusa mara moja. Kisha akageuka, akaenda chini ya kitanda, upande wa ukutani.

"Nimevua," nikamwambia binti yangu. "Ona, nimevua."

"Naona, baba. Ni mikono yako. Inanuka ngozi na gundi."

Alinipa chai. Safari hii mimi ndiye niliyeshindwa kukaa, nilikunywa nimesimama. Mjukuu alijaribu viatu kwa adabu, akasukuma, akasukuma, vidole vikakunjana. Mguu ulikuwa umekua. "Vinabana, babu," akasema, kisha akavirudisha kwenye gazeti na kwenda kupiga magoti pembeni ya kitanda. "Soksi, toka. Anaondoka sasa hivi."

Niliondoka na lile gazeti kwapani.

Vile viatu nilivifumua, na ile ngozi nyekundu nimeshaikata viraka. Ni ngozi nzuri, haichaniki. Kipande cha mwisho nilikiweka wiki iliyopita ndani ya kisigino cha mteja, mahali ambapo hakionekani.