Kefa Alishaagwa

Pale Itigi mtu akishaagwa anatakiwa aondoke. Haijaandikwa popote, ila hata mbuzi wanajua. Umekula kuku wa watu, umeombewa, akina mama wamelia kidogo kwa heshima, kilichobaki ni wewe kupotea. Sasa Kefa aliagwa Jumapili, na Alhamisi ya wiki ya pili alikuwa bado yupo stesheni anauza asali.

Kila aliyepita alimuuliza kama si ameshaenda Oman. Mwanzoni alijibu vizuri, kwamba mambo yanakamilishwa. Baadaye akawa anajibu vibaya. Mwisho akaanza kupita njia za vichakani na kofia la sufi kichwani, kwenye lile jua, jasho linamtiririka kama mtu anayekimbizwa na nyuki. Bado walimtambua. Mtu mmoja alimwambia kwamba kama Oman iko huku vichakani angesema mapema, wasingechinja.

Tatizo lilianzia kwenye simu. Kefa alitumiwa tangazo la picha WhatsApp: shule moja ya Oman inatafuta walimu wa Kiingereza, nyumba bure, tiketi bure. Chini yake kulikuwa na maandishi madogo mengi, lakini simu ya Kefa ilipasuka kioo ilipodondoka kutoka kwenye mzinga, na nusu ya chini ilikuwa nyeusi tii. Akasoma kilichosomeka.

Na Kiingereza anacho, hilo usimbishie. Shule aliachia kidato cha pili, mwenyewe bila kufukuzwa, ila aliwahi kumbebea begi Mzungu mmoja aliyekuja kuchunguza nyuki, miezi mitatu wanazunguka wote porini, na wakirudi Kefa ndiye anayewaambia wengine Mzungu kasema nini. Kama hakuelewa alitunga. Kwa Kefa, Kiingereza ni ujasiri, mengine ni mbwembwe za walimu.

Basi akamwambia mama yake, Magdalena, kwamba anataka kuomba kazi Oman. Magdalena akaenda jumuiya, ule mkusanyiko wa majirani Wakatoliki wa kila wiki, akasema mwanangu anaenda Oman. Kati ya kutaka kuomba na kwenda, mama hakuona tofauti ya maana.

Mwenyekiti wa jumuiya, Mzee Mathayo, alilipokea jambo kwa uzito. Alisema yeye anavyojua, nchi za Waislamu sifa ya kwanza ya mwalimu ni awe Mwislamu, au angalau asiwe Mkristo wa kuonekana. Kwa hiyo hata binti yake Luciana alimkataza kuomba huko, japo ana digrii ya ualimu wa Kiingereza na mwaka wa tatu huu anajitolea sekondari kwa malipo ya ahsante. Luciana ni mwalimu wa kwaya, huyo ataonekana. Lakini Kefa, alisema mzee mbele ya watu wote, kanisani tunamwona Krismasi tu, huyu hana kikubwa cha kupoteza. Aende.

Watu wakaona ni busara. Jumapili wakamuaga, wakamletea kuku kumi na mmoja wa kienyeji na sanduku la magurudumu, la bluu, na hapo Kefa alikuwa hajatuma hata salamu Oman.

Ndipo akaenda kwa Mama Rukaiya. Huyu ni jirani yao, Mwislamu, anakaanga chapati karibu na stesheni, na kabla ya hapo alipika kwenye nyumba moja Muscat, hukohuko Oman, kwa miaka tisa. Kefa alimwamkia, akachuchumaa, akamwomba amfundishe sifa zinazotakiwa ili Waarabu wasimshtukie. Mama Rukaiya akamuuliza ana vyeti gani.

"Cha kuzaliwa ninacho," Kefa alisema. "Cha ubatizo nimekificha kwenye mzinga."

Mama Rukaiya alimtazama mpaka chapati ikaungua upande mmoja. Akafungua mdomo kusema kitu, akaghairi, akamwambia aanze kwa kujaza maji lile pipa pale.

Alijaza pipa siku tisa. Katikati ya maji alifundishwa kula kwa mkono wa kulia, kuvua viatu mlangoni, kutomkazia macho mke wa mtu, na kwamba akikaribishwa kahawa asinywe kama anazima moto. Mengine Kefa alijiongezea mwenyewe. Akaacha kitimoto, mpaka Gervas mwenye banda la nyama ya nguruwe akamfuata nyumbani kuuliza kama anaumwa au amehamia kwa mpinzani wake. Siku moja akafunga, kuanzia alfajiri, na si Ramadhani wala nini. Saa saba Mama Rukaiya alimkuta amelala chini ya meza ya chapati, midomo imekauka, akamuuliza ametumwa na nani. Kefa alisema anazoea hali ya hewa.

Halafu jibu likaja. Kefa alikuwa ametuma ujumbe wa sauti kwenye namba ya tangazo, kwa Kiingereza chake chote, na mwalimu mkuu, mama mmoja aitwaye Bi Zuwena, akajibu kwamba usaili ni Jumanne saa nne asubuhi kwa njia ya video. Awe na vyeti vyake mkononi, na aandae somo la dakika kumi na wanafunzi wa kweli, umri wowote.

Hapa sasa ndipo Kefa alipoanza kupiga hesabu. Akifaulu, anaondoka kweli, na aliyeagwa ameondoka. Akifeli, atabaki Itigi maisha yake yote kama yule aliyekula kuku wa watu. Alijua mtu wa namna hiyo, wa kule Sepuka, aliagwa kwenda jeshini akarudishwa getini. Ana wajukuu sasa, na bado wanamwita Afande.

Jumanne saa nne watoto wote wako shule. Watu wazima waliokuwa na nafasi ni walewale wa jumuiya, na walikuja nyumbani kwa akina Kefa kwa moyo, maana walitaka kuona kuku wao wanavyofanya kazi. Kwa kuwa simu ya Kefa ni nusu, aliazima ya Luciana, na Luciana akaja kuishika. Alimuuliza Kefa kama tangazo alilisoma mpaka chini. Kefa akamwambia chini huwa wanaandika shukrani.

Saa nne kamili Bi Zuwena akatokea kwenye kioo, mama wa makamo, mtandio mweusi, miwani. Alisalimia kwa Kiingereza, halafu akasalimia wazee kwa Kiswahili, Kiswahili laini cha visiwani kilichowashinda watu wote wa Itigi. Bibi yake alikuwa wa Unguja. Akasema dakika kumi zinaanza sasa.

Kefa akasimama mbele ya wanafunzi sita waliokaa kwenye benchi. Akapandisha pumzi, na hapo akaingia Mzee Mathayo, kachelewa, na fimbo yake. Sasa utaanzaje kufundisha na mzee ameingia? Kefa akasema shikamoo mzee. Marahaba, hujambo, nyumbani hawajambo, mama, mizinga imejaa, mvua je. Mzee akakaa. Kefa akafungua mdomo, akaingia Bibi Theodora. Huyu ni mkubwa kuliko Mzee Mathayo, kwa hiyo mzee mwenyewe akanyanyuka kumwamkia, na benchi zima likanyanyuka, na Theodora hajui kujibu marahaba bila kuuliza habari za ukoo. Akafuata mumewe, na ng'ombe mmoja aliyemfuata mumewe. Ng'ombe hakuamkiwa, ila kumtoa kulichukua muda. Dakika ya saba ikaisha hivyo.

Akabakiwa na tatu. Akawaambia kwa haraka kwamba leo tunajifunza kuelezea jana, akamwomba Mzee Mathayo aseme kwa Kiingereza jana alienda wapi. Mzee akasimama, akakohoa, akatoa sentensi ndefu yenye Kiingereza, Kilatini cha misa na jina la shamba lake. Haikuwa sahihi popote. Lakini mkubwa wako amesimama mbele ya watu na fimbo, utamwambia amekosea?

"Sahihi kabisa, mzee," Kefa alisema. "Kwa upande wako."

Akamuuliza Theodora, naye akapata kwa upande wake. Wote walipata. Benchi likafurahi sana, likapeana mikono.

Luciana, nyuma ya simu, alivumilia mpaka akashindwa. Hakumsahihisha mtu. Alisema tu kwa Kiingereza safi, polepole, kwamba yeye jana alienda sokoni, halafu akamgeukia baba yake kwa adabu, na wewe baba? Mzee akatega sikio, akarudia kama alivyosikia, akabadilisha soko akaweka shamba. Sawasawa kabisa. Luciana akamgeukia Theodora, na wewe bibi? Kisimani, naye sawasawa. Benchi lote likapita hivyo chini ya dakika mbili, hakuna aliyeaibishwa, na mume wa Theodora akaomba arudie tena kwa sababu alienda sehemu mbili.

Bi Zuwena aliuliza huyo anayeshika simu ni nani. Akaambiwa ni mshika simu. Akasema haya, Kefa, vyeti.

Kefa akanyanyua cheti cha kuzaliwa. Bi Zuwena akauliza digrii. Hakuna. Cheti cha mafunzo ya kufundisha Kiingereza kwa wageni, yale ya saa mia moja na ishirini. Hakuna. Uzoefu wa darasani miaka miwili, na barua ya polisi kwamba hana makosa. Kefa alisema makosa hana, lakini hajawahi kuwauliza polisi. Akaona watu wanamtazama, sanduku la bluu linamtazama, akatoa silaha ya mwisho.

"Lakini nimeacha kitimoto, mama. Wiki ya tatu hii."

Bi Zuwena alicheka mpaka simu yake ikaanguka, wakabaki wanaangalia dari la Oman. Aliporudi alikuwa anafuta miwani.

"Mwanangu, dini ni yako na Mola wako. Mimi hapa nina walimu sita Wakristo. Masheikh ninao wa kutosha. Ninachotafuta ni digrii."

Vichwa vyote vya benchi vikageuka kwa Luciana, polepole, kama alizeti. Cha Mzee Mathayo ndicho hakikugeuka. Kilikuwa kinaangalia viatu.

"Mimi nilisikia huko hawataki Wakristo," alisema.

Mama Rukaiya alikuwa mlangoni na unga mikononi, amekuja kuangalia mwanafunzi wake. "Mimi nimekaa huko miaka tisa, mwenyekiti, na tunachota maji bomba moja. Uliwahi kuniuliza?"

Mzee hakuwahi. Kefa akamgeukia Mama Rukaiya, akataka kujua kwa nini na yeye alimwacha abebe maji siku tisa. Mama Rukaiya alisema pipa lilikuwa tupu.

Basi Luciana akahojiwa palepale, na safari hii Kefa ndiye aliyeshika simu. Alinuna dakika kama mbili, halafu akatulia, maana alisikia mwenyewe kwamba huyu dada anajua kazi, na Kefa ana kasoro nyingi lakini hawezi kusema asali mbaya ni nzuri wala nzuri ni mbaya. Digrii Luciana anayo. Uzoefu anao, hata wa ahsante unahesabiwa, mkuu wa shule akiandika barua. Cheti cha saa mia na ishirini atasomea kwenye simu. Miezi minne baadaye alikuwa na visa.

Jumuiya ikakaa kujadili kama aagwe upya. Mzee Mathayo, ambaye siku hizo alikuwa anaongea kidogo, alitoa uamuzi kwamba kuaga kulishafanyika, maombi yalishasomwa, kilichobadilika ni msafiri. Kwa hiyo Kefa akaburuta sanduku la bluu kwenye mchanga mpaka kwa akina Luciana, na kuku nyuma yake. Kuku walikuwa tisa. Wawili hakuna aliyewaulizia.

Kuanzia siku hiyo hakuna aliyemsumbua kwa kumuuliza kama bado hajaondoka. Akavua lile kofia la sufi. Jioni akapita kwa Gervas, akala kitimoto mpaka Gervas akaogopa. Luciana alipoondoka alimwachia madaftari yake ya sekondari na kumwambia arudi kusoma kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kefa akasema atafikiria. Aliyaweka kwenye mzinga, karibu na cheti cha ubatizo, mahali anapoweka vitu asivyotaka vipotee.

Jumanne iliyofuata saa mbili asubuhi alisikia fimbo inagonga mlango. Alikuta benchi zima limekaa uani, Theodora, mumewe, ng'ombe wao, na Mzee Mathayo katikati, ambaye anataka kufundishwa ili ampigie binti yake na kumuuliza kwa Kiingereza kama anakula. Kefa akawaambia hata lile somo la kwanza lilikuwa saa nne, mbona wamewahi hivyo.

"Tumewahi, mwalimu," mzee alisema, "ili salamu ziwe zimeisha."