Kahawa Isiyotemwa

Mara ya kwanza alimeza kwa bahati mbaya. Alikuwa amesimama mbele ya meza ndefu ya chumba cha kuonjea, vikombe ishirini na vinne vya kahawa vimepangwa mstari, na kijiko cha ishirini kilikuwa kinywani alipopiga mwayo. Kahawa ikashuka kooni kabla hajaiwahi. Aligeuka haraka kumtazama msimamizi. Msimamizi alikuwa ameinamia daftari lake. Basi akainama juu ya ndoo ya kutemea, akatoa sauti ya mtu anayetema, akaendelea na kikombe cha ishirini na moja. Alipofika cha mwisho, chumba kilikuwa na mwanga ambao hakuwa ameuona tangu ajifungue.

Kazini walimwita Ulimi, na jina hilo alilitolea jasho. Kuonja kahawa ni kuvuta, kuzungusha na kutema. Unaivuta kutoka kwenye kijiko kwa mvumo mkali hadi itawanyike kinywani, unaizungusha, unaitema. Anayemeza hafiki adhuhuri. Moyo unamwenda mbio na ladha zote zinakuwa moja. Ulimi alikuwa ametema kwa miaka kumi na mmoja, na hata nyumbani hakunywa kahawa. Likizo yake ya uzazi ilikatizwa mtoto akiwa na wiki tano, kwa kuwa mwonjaji mwenzake alishikwa na mafua yaliyomwibia pua, na mavuno yalijaa ghalani yakisubiri mtu wa kusema gunia lipi zuri na lipi bovu. Alikubali. Kulikuwa na watu watatu walioimezea mate nafasi yake, na wote walikuwa wakilala usiku.

Mtoto, mwanzoni, alikuwa akilala na kuamka kama watoto wote. Kisha akaacha kulala. Angekuwa analia tu, pengine wangejua la kufanya. Yeye alikaa macho, amekodoa, vidole vinatetemeka, anashtuka hata kijiko kikigusa sahani. Baba yake, dereva wa malori ya masafa marefu, alikuwa njiani kwa mwezi mzima. Aliyebaki kulea ni bibi yake, mama mkwe wa Ulimi, ambaye kila siku saa nne na saa saba alimleta mjukuu kazini anyonye, wakikaa ghalani juu ya magunia matupu.

"Mume wangu ameajiriwa ulinzi," bibi alisema siku za mwanzo, akimtikisa mtoto mapajani. "Hata mshahara hajaulizia."

Baadaye mzaha ukaisha. Bibi alianza kutafuta kosa, na kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, alianzia kwake mwenyewe. Alikuwa mvutaji wa ugoro kwa miaka thelathini, kikopo chake cha bati hakijawahi kutoka katika mfuko wa gauni. Siku moja alisema labda ni harufu ya ugoro inayomkera mtoto, akakiweka kikopo juu ya kabati, mbali na mkono wake. Tangu siku hiyo mkono wake ulikuwa ukienda mfukoni, ukakuta patupu, ukarudi. Ulimi aliuona ukienda na kurudi mara ishirini kwa siku. Hakumwambia akirudishe kikopo mfukoni.

Kwa maana alijua. Hakuna aliyemwambia, lakini alijua, kama anavyojua kwa kijiko kimoja kwamba gunia limenyeshewa. Kila asubuhi alijiapiza kwamba leo atatema yote. Kila asubuhi, akifika kikombe cha kumi, tarakimu za daftari zilianza kucheza, akameza. Mtoto hakulala kwa sababu yeye alimeza, na yeye alimeza kwa sababu mtoto hakulala. Alizunguka humo ndani asione mlango. Ndoo yake ilipoanza kuwa nyepesi kuliko inavyopaswa, alikuwa akiimiminia maji ya kusuuzia vijiko. Siku alipofanya hivyo mara ya kwanza ndipo alipojionea aibu hasa.

Mtoto alipotimiza wiki tisa, walimpeleka kliniki. Uzito ulikuwa umepanda kidogo mno. Muuguzi, mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu, alimgeuza huku na huku, akasikiliza moyo, akasikiliza tena.

"Moyo unakimbia," alisema. "Mama, unatumia dawa yoyote?"

"Hapana."

"Chai nyingi? Kahawa?"

Ulimi alifungua kinywa, lakini bibi alimwahi.

"Huyu? Kahawa ni kazi yake, lakini hanywi hata tone! Anaonja, anatema. Miaka yote hiyo. Waulize kazini kwao." Alisema kwa fahari, kama anayemtetea binti yake wa kumzaa.

Muuguzi aliandika. "Basi itabidi tuchukue damu tupime. Mshike mguu."

Alimtoboa kisigino. Damu ilitoka tone moja, ikagoma. Akaminya, mtoto akapiga ukelele uliomfanya bibi ageukie ukuta. Tone la pili halikujaza hata nusu ya kijichupa.

"Pole, baba," muuguzi alimwambia mtoto. "Naona nitafute mshipa wa mkononi." Akafungua sindano nyingine.

"Ninameza," Ulimi alisema.

"Unameza nini?"

"Kahawa. Sitemi. Tangu nirudi kazini sitemi."

Mkono wa muuguzi ulibaki hewani. Bibi hakugeuka kutoka ukutani.

"Kiasi gani kwa siku?"

Ulimi, aliyeweza kuonja na kutaja kahawa ilikaushwa siku ngapi, alikisia. "Labda vikombe kumi. Sijui. Ni vijiko, dada, vijiko havihesabiki."

Muuguzi aliirudisha sindano kwenye trei. Hakugomba, afadhali angegomba. "Kimoja au viwili visingekuwa neno," alisema. "Lakini kumi! Na mwili wa mtoto huyu bado mchanga, kahawa ikiingia inakaa siku nyingi kabla haijatoka."

"Kwa hiyo ni hiyo?"

"Huenda. Na huenda siyo, wako wanaokesha bila sababu. Punguza sana, tusubiri wiki. Asipobadilika, damu hatutaikwepa."

"Na nikishindwa kukaa macho kazini?"

"Hilo, mama," muuguzi alisema, "sina dawa yake."

Njiani bibi alimbeba mtoto mwenyewe, hatua tatu mbele. Walipofika kwenye kona ya nyumbani alisema, bila kugeuka, "Wiki tatu sijagusa ugoro." Jioni ile hawakuongea tena.

Sasa alitema. Alitema kila kijiko hadi mate yakamkauka. Siku ya pili kichwa kilimgonga kama kina fundi ndani yake. Siku ya tatu alilala akiwa amesimama, akazinduka kijiko kikimponyoka. Siku ya nne msimamizi alimwita pembeni, akamwonyesha daftari: kikombe kimoja, alichopewa mara mbili bila kuambiwa, amekipa alama mbili tofauti.

"Ulimi, unaumwa?"

"Hapana, bosi."

"Basi Jumatatu atakuja mtu akusaidie," alisema kwa upole, na wote wawili walijua maana yake. Mtoto, siku hiyo ya nne, alikuwa macho vilevile.

Siku ya tano, saa saba, bibi alimleta kama kawaida. Alimkabidhi mtoto bila salamu, akaketi kwenye gunia la mbali kidogo. Ulimi alitoa titi. Mtoto alishika, akanyonya huku akimtazama kwa yale macho ya mlinzi, na mama mtu akamtazama naye, akitamani kumwomba radhi na hajui mtoto wa wiki tisa huombwaje radhi. Humo ghalani mlikuwa na joto. Kichwa chake kikaegemea magunia.

Kilichomwamsha ni chafya, ya nguvu, ya mtu mzima, iliyogonga mabati ya paa ikarudi. Alifumbua macho. Bibi alikuwa ameketi karibu, bega kwa bega naye, mkono mmoja ukiwa umemkinga mtoto asidondoke kutoka mapajani mwa mama yake. Katika mkono mwingine kilikuwa kile kikopo cha bati, kimefunguliwa.

"Nimekutia hasara," bibi alinong'ona, ameuficha mdomo begani kwake.

Ulimi hakuelewa, hadi alipotazama chini. Macho ya mtoto yalikuwa yamefumbwa. Titi lilikuwa limemtoka kinywani, na tone la maziwa lilikuwa linamtiririka shavuni. Lakini ile chafya ilikuwa imemfikia: vidole vilikuwa vimetanuka, paji la uso limekunjamana, na kope zilianza kutikisika.

Wanawake wawili waliacha kupumua. Mkono wa bibi ulitafuta wa Ulimi juu ya gunia, ukaushika kwa nguvu, na kwa pamoja wakaziinamia zile kope, wakisubiri.