Paja la Nguruwe na Sanduku la Bluu

Sanduku la bluu lilikuwa mlangoni tangu saa tatu asubuhi, tupu, limeachwa wazi. Aliyelileta ni mwanangu wa kwanza. Yeye ni mwalimu mkuu, na hata mimi mama yake huniongelesha kama niko mstarini na wanafunzi.

"Mama, tumelijadili suala lako kwa kina," akasema.

Walilijadili wawili, yeye na dada yake nesi, kwenye simu. Walinijadili mimi, bila mimi. Nikameza mate, maana siku hizi nikijibu haraka wanasema uzee umenipanda kichwani.

Suala lenyewe ni macho yangu. Yamefifia. Nyuso naziona kama ziko nyuma ya chandarua, na maandishi madogo nimeshayaaga. Mwezi uliopita nilimtilia mgeni chumvi kwenye chai badala ya sukari, habari zikawafikia, basi kesi ikaisha. Niiache nyumba hii, ambayo ndani yake nimeshona nguo za watu miaka thelathini na tano hadi hawa wawili wakasoma wakamaliza, nikakae chumba cha nyuma kwa mwalimu mkuu, niletewe chakula kwenye sinia.

"Siendi," nikasema.

"Mama, utajiunguza hapa peke yako."

"Haya. Lile paja la nguruwe la chumvi lililomo kwenye friji nalipika leo, zima, na rojo lake la asali. Asiniguse mtu, asinisaidie mtu. Likitoka salama, sanduku lenu linarudi lilikotoka. Likiungua, nafunga virago jioni hii hii na hamtasikia neno."

Akakubali upesi mno. Alijua, kama ajuavyo kila aliyewahi kulipika, kwamba rojo la sukari halina huruma. Ukigeuka kidogo tu limeshakuwa mkaa, na wenye macho yao mazima huliunguza kila siku. Nikajua anajiona ameshashinda. Hasira ikanipanda, na mimi hasira hunipa nguvu kuliko uji.

Nesi, aliyekuja pamoja na kaka yake, akanifuata jikoni. "Mama," akasema kwa sauti ya juu, neno moja moja, "nikuletee miwani?"

"Yaliyochoka ni macho, masikio yangu mazima. Nenda kakae."

Nililitokosa saa mbili na nusu, nikalichuna ngozi, nikabakiza mafuta unene wa kidole. Kisha nikayachanja kwa ncha ya kisu, mistari ya mshazari huku, mingine kule, nikipima upana kwa kidole gumba. Kila mistari ilipokutana nikachomeka karafuu. Ni kazi ile ile ya kuchomeka pini kwenye pindo la gauni, na pini nimechomeka hata umeme ulipokatika.

Rojo nililipika kwa kusikiliza. Sukari, asali, haradali na maji ya nanasi huanza kwa kuchemka kwa fujo, halafu sauti inapungua, mapovu yanapasuka moja moja kwa uvivu. Hapo limeiva. Nikamimina nusu kwenye bakuli na kuliweka kabatini. Sijawahi kukata kitambaa chote cha mteja bila kubakiza cha kurekebishia, na sikuona sababu ya kuanza leo.

Swichi ya oveni nimeigundishia kifungo cha shati. Kifungo kikielekea juu, moto ni wa wastani; kikielekea chini, ni mkali. Nikakipapasa, kiko juu. Nikalipaka paja rojo, nikaliingiza ndani, nikaenda sebuleni kukaa na watu wangu. Mwalimu mkuu akanyanyuka kunywa maji jikoni, akarudi. Tukaongea habari za wajukuu.

Harufu ilinifikia katikati ya sentensi. Kwanza tamu, halafu chungu kwa mbali. Wao wawili walikuwa karibu na jikoni kuliko mimi, na hakuna aliyetikisika. Nikasimama, nikahesabu hatua zangu saba, nikashika swichi. Kifungo kilikuwa kimeelekea chini kabisa.

"Nani kagusa hapa?"

Nikazima, nikalitoa paja na kulipapasa kwa kijiko. Upande mmoja, ukanda wa upana wa mkono ulikuwa umekauka na kuwa mgumu.

"Ni mimi, Mama," mwalimu mkuu akasema nyuma yangu. "Nilichungulia, nikaona halichukui rangi. Nikadhani umekosea moto. Nilitaka kusaidia tu." Akakohoa. "Lakini limeungua, na tulikubaliana kwamba..."

"Kaka, nyamaza," nesi akasema.

Nilitamani kumzaba kofi, na nilimpenda, vyote kwa wakati mmoja. "Uliona," nikamwambia. "Wewe ndiye uliyeona. Mimi nilinusa. Sasa ondokeni jikoni kwangu, nyote."

Nikaukata ule ukanda kwa kisu, nikauweka kando. Nikatoa bakuli kabatini, nikapaka upya, nikarudisha kifungo juu, na safari hii nikavuta kiti nikakaa mbele ya oveni hadi nikasikia sukari inaanza kutoa sauti ninayoitaka.

Mezani nilimwandalia mwalimu mkuu kwanza. Nikamwekea ule ukanda mweusi katikati ya sahani. "Hii ni kazi ya mikono yako. Anza nayo."

Akautafuna wote, kwa kelele, bila kubisha. Ndipo nikawakatia nyama yenyewe, laini, rojo likinata kwenye kisu. Nesi aliongeza mara mbili. Mwalimu mkuu mara tatu, nilikuwa nahesabu.

Walipoaga, niliufunga mfupa na nyama iliyobaki kwenye mifuko mitatu, nikaviweka ndani ya sanduku la bluu na kuvuta zipu.

"Mfupa utatoa supu nzuri," nikasema. "Sanduku usilirudishe hapa."

Akageuka mlangoni. Alipoongea, sauti ya mstarini haikuwepo. Ilikuwa ile ya zamani, ya alipokuwa akiniita gizani. "Mama, lakini ukishindwa utatuita?"

"Nitakuita. Kitufe chako kwenye simu nimekigundishia uzi, nisikikose. Ni cha kwanza kabisa, tangu macho yalipoanza kufifia."

Akaliinua sanduku, akalihamishia mkono wa pili kwa uzito wake, akaondoka nalo.