Nusu ya Jemadari

Kesho mjukuu angepewa jina, na mzee Nertomaro alikuwa hajalipa nadhiri. Siku binti yake alipobanwa na uchungu, mzee alikimbilia chemchemi ya Nemauso akamwambia mungu wa maji: "Mtoto akitoka salama, nakupa jemadari wangu." Mtoto akatoka, tena na sauti ya kuamsha waliozikwa.

Jemadari mwenyewe ni Agripa, ambaye Nertomaro alimvutia kasia merikebuni vitani mpaka mgongo ukawa mpana kuliko mlango wa nyumba. Sarafu za shaba za mji zilimwonyesha amepeana kisogo na Kaisari. Upande wa pili, mamba kafungwa mtendeni. Watu walizikata katikati kupata chenji, Kaisari huku, Agripa kule, na nusu ya Agripa ndiyo mzee aliyomwahidi mungu.

Tangu asubuhi mzee alinunua dengu, zeituni, kisha dengu tena. Kila chenji, Kaisari.

"Mama, Agripa huna?"

"Babu, hela ni hela," akasema muuza dengu. "Kwani unataka kumwoa?"

"Nina deni kwa mungu. Nisipolipa leo, kesho atakuja kumdai mtoto."

"Basi mpe Kaisari, ndiye mkubwa."

"Sikumwahidi Kaisari."

Akaondoka na dengu za kulisha kikosi. Mkononi alibakiwa na sarafu moja nzima. Akaipeleka kwa Smertula, mfua shaba.

"Kata hapa, kati ya visogo."

Smertula akachungulia barabarani. "Mzee wangu, niweke patasi juu ya Kaisari, watu wananiona? Nina watoto mimi."

Mzee hajajibu, jamaa kaigeuza sarafu, mamba juu, akampasua kuanzia pua hadi mkia kama samaki wa kukaanga.

Nertomaro akaokota vipande. Kimoja kilikuwa na mapaji mawili ya uso. Cha pili, videvu viwili.

"Umenifanya nini, Smertula?"

"Nusu mbili. Ulitaka ngapi?"

Mzee akavifumbata vipande. Alipanda hadi kwenye chemchemi, magoti yakilia, akasimama ukingoni akiyatazama maji kama mtu anayedaiwa na jirani msumbufu.

"Jemadari yumo humo, juu na chini," akasema. "Mwingine si wangu, kaja naye tu. Chagua mwenyewe, mimi nimechoka."

Akavitupa vyote viwili. Ndipo akageuka upesi kuangalia nani kamwona akimzamisha Kaisari.