Chukua Wewe, Dada

Tangu mama yao azikwe, Mahrokh alikuwa na ganzi. Huzuni angeielewa, angeipokea kama mgeni na kuitengea chai. Hii ilikuwa ganzi ya sindano ya daktari wa meno, unagusa shavu lako na kudhani ni la mtu mwingine. Alipokea rambirambi, akagawa halua, akafunga nyumba, macho makavu. Na sasa alikuwa ameketi safu ya nyuma kabisa katika ukumbi wa hoteli moja kaskazini mwa Tehran, kibao cha namba ya mnada mapajani, akingoja kununua picha ya kwao wenyewe.

Upuuzi huo waliutengeneza wawili, yeye na kaka yake Iraj. Baada ya arobaini walisimama sebuleni mbele ya ile picha. Mahrokh akasema, "Chukua wewe, kaka." Iraj akashika kifua. "Mungu apishe mbali! Chukua wewe, dada, kwako itapendeza." "Kwangu hakuna hata ukuta. Chukua wewe." "Wallahi siigusi."

Watu wa kwao hivyo ndivyo walivyolelewa. Kitu unachokitaka unakikataa, mwenzio anakusukumia, unakikataa tena, na anaposisitiza mara ya tatu ndipo unakipokea kwa aibu. Lakini siku ile kila mmoja alikuwa akingoja kusisitiziwa, na wote wawili walikuwa wamechoka na msiba. Iraj akapumua, akasema, "Basi iuzwe, pamoja na sarafu za baba." Mahrokh akajibu kwamba hilo ndilo wazo zuri kuliko yote. Waongo wakubwa, wote wawili!

Alipojuta na kutaka kuitoa mnadani, wenye mnada walimwambia karatasi zimeshasainiwa. Akitaka, aje anunue kama wengine.

"Si ungemwambia tu Iraj kwamba unaitaka?" alinong'ona mama yake mdogo, Effat, aliyekuja naye na mbegu za alizeti mkobani.

"Nimwambie vipi, mama mdogo? Atasema hewala hata kama roho inamuuma."

"Na leo yuko wapi, huyo muungwana?"

"Kasema mgongo unamsumbua."

"Mgongo! Tangu utotoni mgongo wake huuma siku ya kazi." Effat akapasua mbegu.

Zilianza sarafu, dhahabu za ukumbusho zilizopigwa enzi za mfalme, simba na jua upande mmoja. Kila Nouruzi, mwaka mpya wa Kiajemi, baba yao alizitoa katikati ya kurasa za Kurani, akawapa waziminye viganjani, kisha akazifungia kisandukuni na kuwapa noti mpya badala yake. Mtu wa mbele alizichukua zote kwa pamoja. Mahrokh alisubiri kuumia, hakuumia. Alijikuta akivikodolea macho viatu vya mnadi, vilivyong'arishwa mpaka vinakera.

Kisha ikaletwa picha. Mzungu aliyeichora hakuwahi kukanyaga Uajemi. Alichora muuza mazulia chini ya tao, na juu ya tao akaweka maandishi ya kubuni, vikulabu na vitone visivyo vya lugha yoyote duniani. Baba yao aliyapenda hayo kuliko picha yenyewe. Kila Nouruzi alivaa miwani, akakohoa, akayasoma. "Mwaka huu imeandikwa: Mahrokh aache kumng'ata kaka yake." Mwaka mwingine: "Iraj asiibe lozi kabla wageni hawajafika." Sauti hiyo ndiyo Mahrokh aliyoitaka. Alihisi kwamba picha ikirudi ukutani, huenda na yeye angerudi mwilini mwake.

Mfanyabiashara wa marumaru alipandisha bei. Mtu aliyefichwa na nguzo akapandisha zaidi. Wakavutana hivyo kwa muda, mpaka Mahrokh akainua kibao chake.

"Bibi wa nyuma kabisa!" mnadi akaita. Mwenye marumaru akaongeza bila hata kugeuka.

Yule wa nyuma ya nguzo akachungulia amwone huyo bibi. Alikuwa Iraj, amevaa koti la baba yao, kibao kimeinuliwa nusu.

Walitazamana. Kumbe na yeye! Mahrokh akashusha kibao, akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa: chukua wewe. Iraj naye alikuwa ameshashusha chake, mkono kifuani, anatikisa kichwa: haiwezekani, wewe.

"Mara ya kwanza," alisema mnadi.

Mahrokh akamnyooshea kiganja. Wewe, kaka.

"Mara ya pili."

Iraj akainama mpaka karibu aanguke kitini. Wewe, dada.

"Inueni, wapumbavu nyie!" Effat alifoka, mbegu zikamwagika.

Mara ya tatu haikusubiri adabu za mtu. Nyundo ikagonga, na picha ikawa ya mwenye marumaru.

Walikutana mlangoni. "Nilidhani unaitaka wewe," alisema Iraj.

"Nilikuwa naitaka."

"Hata mimi." Akafungua mlango. "Tangulia, dada."

"Tangulia wewe, una mgongo."

"Haki ya Mungu, sitangulii."

"Jamani, tunaomba njia," alisema mtu nyuma yao. Wapagazi wawili walikuwa wamebeba picha. Iraj akabana upande huu, Mahrokh upande ule, wakaishikilia milango wazi kwa heshima zote, na picha ikapita katikati yao.

"Dada," Iraj aliuliza haraka, "imeandikwa nini mwaka huu?"

Mahrokh akakaza macho juu ya tao. Aliona vikulabu. Aliona vitone.

"Haisomeki," alisema, na hapo ganzi ikamtoka yote kwa pamoja, akalia mlangoni pale pale, watu wakingoja kupita.